Zamu ya Usiku na Mkono Wako

Rehema mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Mimi nimekaa mlangoni, upande ambao jua bado linaingia, daftari nimeliweka mapajani. Nataka nimalize kabla giza halijaingia. Wewe na wadogo zako mmenicheka miaka yote kwamba mama yenu ana ubahili wa umeme, ikipita isha tu anazunguka kuzima taa, anabakiza kile kibalbu cha njano ukumbini. Mlidhani nahofia luku kuisha. Sikuwahi kuwaambia kwamba ninachokihofia ni taa zenyewe.

Sitakuandikia kuhusu mashuka wala kuhusu kula. Mabegi umeyafunga vizuri kuliko ambavyo ningeyafunga mimi, na gari la huko mgodini watakufundisha wenyewe, hilo ambalo umeniambia gurudumu lake moja tu linakuzidi urefu. Ninalotaka kukuandikia limetokana na neno ulilolisema juzijuzi tukila, ukadhani unanituliza. Ulisema huko mgodini wiki moja mtafanya kazi mchana na wiki inayofuata usiku. Kisha ukacheka, ukasema, "Usihofu, mama. Taa zao ni kali, usiku wa kule ni kama mchana tu."

Niliacha kula. Ukaniuliza kama nimepata mwiba wa samaki. Nikasema ndiyo. Hapakuwa na mwiba.

Maneno kama hayo niliambiwa mimi nilipokuwa na umri wako huu wa sasa. Wewe ulikuwa na mwaka na nusu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akivuka Ruvuma kuuza vitenge kwa ndugu zake wa upande wa Msumbiji, na akienda anakaa miezi miwili, mitatu. Hapa mjini kulikuwa na kiwanda cha korosho, siku hizi kimebaki ghala tupu, nikapata kazi ya kuchagua. Korosho zikishabanguliwa na kumenywa zinamwagwa mezani, na sisi wanawake tunazitenga: nyeupe nzima huku, zilizovunjika huku, zilizobabuka kule. Kwa kuwa kazi yenyewe ni kutofautisha weupe na weupe, walifunga taa ndefu nyeupe, nyingi, zikaning'inia karibu na vichwa vyetu. Madirisha hayakuwapo. Msimamizi alipotuhamishia zamu ya usiku, mimi na wenzangu wanane, alitutuliza kwamba mle ndani tusingejua kama ni usiku au mchana. Alisema kweli. Baada ya muda sikujua.

Mwanzoni niliipenda zamu ile. Shangazi yako Somoe, mdogo wa mwisho wa baba yako, alikuwa akikaa nasi hapa mtaani Ufukoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na moja, ametoka kwao Nanyamba kuja mjini kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa kike. Usiku alilala na wewe. Asubuhi nikirudi ananikabidhi, anajitanda khanga, anakwenda kwa fundi wake. Niliona nimepata njia: usiku niko kazini, mchana niko na mwanangu. Usingizi nilidhani ni kitu cha kuokoteza, dakika ishirini hapa, nusu saa pale, ukizijumlisha zinatosha.

Mwili wangu haukukubali hesabu hiyo. Tulikuwa tunatoka kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, na jua linanipiga usoni njia nzima. Nafika nyumbani nimechoka, nalala, macho yanakataa kufumba. Nikifanikiwa kusinzia, baada ya saa moja nashtuka moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa. Saa saba mchana, watu wanakula, harufu ya wali inanitapisha. Saa tisa usiku, chini ya zile taa, njaa inanishika mpaka natafuna korosho zilizobabuka. Siku zangu za mwezi zikapotea na sikuwa mjamzito. Alasiri moja nilimwuliza Somoe kwa nini leo wameadhini adhuhuri kwa kuchelewa hivi. Akaniambia kwa upole kwamba adhuhuri ilishapita zamani.

Halafu ikaja ile hali ambayo mpaka leo sina jina lake. Haikuwa huzuni kama ya msibani, maana msiba una sababu na una watu. Ilikuwa kama mtu ameondoa chumvi kwenye kila kitu. Ulipoanza kusema maneno mawili matatu, Somoe alikuwa anapiga makofi, na mimi nakutazama tu, najua kwamba ninapaswa kufurahi na sifurahi. Nililia nikifua. Nilimfokea Somoe kwa kuacha ndoo wazi. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa na sifa ya uhodari, na mtu hodari hachoki. Na sifa hiyo, Rehema, umeirithi wewe. Nimekuona ukiugua malaria unafagia uwanja ili nisijue.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nimeandika mstari huu nikaacha kalamu, nikaenda kunywa maji, nimerudi.

Ilikuwa asubuhi, baada ya usiku wa tisa au wa kumi mfululizo. Ulikuwa umetimiza miaka miwili. Nilirudi nikamkuta Somoe amekuogesha, yuko tayari kwenda kwa fundi. Aliniangalia akasema, "Wifi, leo nisiende. Macho yako si mazuri." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aache kuniangalia kama mgonjwa, aende, ila kwanza apite dukani aniletee sukari ya uji. Akatoka na kikombe.

Nilikuwa nimeinjika sufuria ya uji kwenye jiko la mkaa, hapo uani, na wewe ulikuwa unacheza na kifuu karibu na miguu yangu. Nilikaa kwenye kigoda nikikoroga. Uji ulianza kuchemka. Nakumbuka joto la jua mgongoni, na nakumbuka nilijiambia nifumbe macho kidogo tu, maana mwanga unayachoma. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka. Sikuenda kulala. Usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa, mwiko mkononi.

Kilichoniamsha ni sauti yako.

Nilipofumbua macho sufuria ilikuwa imepinduka, na Somoe alikuwa ameshakunyanyua. Sukari ilikuwa imemwagika mlangoni, na yeye anakumwagia maji ya mtungini mkono mzima, huku anakuita jina. Mimi nilikuwa bado nimekaa. Nilielewa kila kitu, nikashindwa kusimama. Majirani walipoingia walimkuta Somoe amekubeba na mimi nimesimama pembeni nimeshika ukuta.

Hospitalini, muuguzi aliyekuwa anaandika aliuliza nani alikuwa na mtoto. Ni karatasi tu iliyouliza, hakuwa ananilaumu. Nikasema, "Shangazi yake."

Somoe alikuwa nje ya pazia. Alisikia.

Kesho yake bibi yako alikuja kutoka Nanyamba, akaliuliza swali lile lile mbele yetu sote wawili. Somoe akasema, "Mama, mimi nilikuwa dukani." Bibi yako akanigeukia. Nikasema kwamba nilikuwa nimelala ndani, nimetoka zamu, na mtoto nilimwachia yeye. Unaona jinsi uongo unavyokuwa mtamu ukiupaka ukweli kidogo? Nilikuwa nimelala, ni kweli. Kila mtu alijua nimetoka zamu. Somoe alifungua mdomo mara moja tena, kisha akaufunga. Nilitazama sakafu mpaka waliponiacha peke yangu.

Wiki ile ile bibi yako alimrudisha Nanyamba. Mambo ya ushonaji yakaishia hapo. Alikuwa amebakiza kujifunza kukata makoti, kola na mikono, kisha fundi ampe kazi.

Nilipokuwa napanga barua hii kichwani, nilitaka hapa nikuambie kwamba ni zile taa ndizo zilizosema, si mimi. Kwa siku kadhaa nilijiridhisha na maneno hayo. Endelea kusoma, utaona kwa nini nimeyaacha.

Niliendelea na zamu ya usiku. Watu walisema nina moyo wa chuma. Ukweli ni kwamba mchana niliuogopa, kwa sababu mchana ulikuwa na mkono wako uliofungwa bandeji, na ulikuwa na lile jiko. Jirani ndiye alikuwa analala na wewe na kushinda na wewe. Mimi niliziba dirisha la chumbani kwa godoro bovu ili giza liwe kamili, na nikirudi asubuhi naingia mle, natoka jioni. Nikawa silioni jua kabisa, labda lile la njiani. Miezi mitatu ikapita. Siku moja jioni ikafika saa ya kwenda kazini, nikajaribu kuamka, mwili ukakataa. Haukuuma. Ulikataa tu. Kesho yake vilevile. Nilitamani nisiamke tena, na nilitamani hivyo bila kulia, kama mtu anayetamani maji. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi nikilikumbuka, Rehema, kwamba halikunitisha wakati ule.

Majirani walisema ni jini. Bibi yako akaja tena, akanichukua mimi na wewe, akatupeleka Nanyamba. Kwa siku saba nilifukizwa ndani ya chumba kilichozibwa kila upenyo, na kila siku nilizama zaidi. Siwalaumu. Walifanya walichokijua, na walikifanya kwa mapenzi. Siku ya nane bibi yako akaona nakonda mbele ya macho yake, akanipeleka zahanati.

Pale kulikuwa na tabibu, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alinipima damu, akanipima mkojo, akauliza kama nina mimba, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mara ya mwisho kuliona jua likichomoza, ukiwa umetoka kulala, ilikuwa lini?"

Nilifikiri. Sikukumbuka.

Alinieleza taratibu, na bibi yako alikuwa amekaa kando anasikiliza. Alisema ndani ya kichwa cha kila mtu kuna kitu kinachopanga saa za mwili: lini usingizi uje, lini njaa ije, lini mwili upoe na lini upate moto. Kitu hicho hakisomi saa ya ukutani. Kinasoma mwanga unaoingia machoni. Kikiuona mwanga wa asubuhi kinaanza kuhesabu siku. Giza likiingia kinaanza kuulegeza mwili. Mtu akikaa usiku kucha chini ya taa kali nyeupe kinadanganyika, na akitoka pale akakutana na jua kinazidi kuchanganyikiwa. Ukikidanganya mwezi baada ya mwezi, alisema, kinapotea njia, na roho ya mtu inaweza kupotea nacho. Aliongeza kwamba si kila giza la moyo linatokana na hilo, na kwamba baada ya wiki mbili nikiwa sijapona nirudi, kuna dawa na kuna watu wa kuzungumza nao, na si aibu. Dawa ya kwanza ilikuwa kutoka nje kila alfajiri, kukaa kwenye mwanga mpaka jua lipande, na usiku kukaa na mwanga mdogo.

Njiani bibi yako aligeuza maneno ya tabibu kwa Kimakonde, akasema kama jua ni dawa basi Nanyamba isingekuwa na mgonjwa. Lakini alitii. Na kazi ya kunitoa nje akampa Somoe.

Fikiria hilo, mwanangu. Mwanamke niliyemsingizia ndiye aliyekuja kila alfajiri kusimama mlangoni. Hakuniita mgonjwa, hakuninunia. Alisema, "Wifi, toka nje," basi, na hakuondoka mpaka nitoke. Ulikuwa msimu wa korosho. Tulikwenda shambani umande haujakauka, yeye ana tenga na mimi sina kitu, nikakaa kwenye kigogo huku yeye anaokota. Siku za mwanzo mwanga uliniuma kama sabuni machoni. Wiki ilipokatika nikaanza kuokota. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalikuwa yamejaa chini, mekundu na ya njano, na harufu yake ni kali. Asubuhi moja niligundua kwamba nimeisikia ile harufu. Nimekuwa pale siku kumi na sikuwa nimeisikia. Nikaokota bibo moja nikaling'ata, maji yakanitiririka mpaka kiwikoni, nikajikuta nasema ni tamu. Somoe alinitazama akatabasamu. Usiku ule nililala mpaka alfajiri bila kushtuka. Mwezi haujaisha, siku zangu zikarudi. Nilikubeba, ukanicheka usoni, na nikafurahi, kweli nikafurahi.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Ilikuwa asubuhi nzuri kama zile nyingine. Tulikuwa wawili tu, tumekaa tunapumzika. Wewe ulikuwa mapajani kwake, maana ulikuwa bado unampenda, hujafundishwa kumchukia. Alikuwa anakipangusa kile kidonda chako kilichokuwa kinafunga. Bila kunitazama akasema, "Wifi, siku ile ulikuwa umelala pale pale kando ya jiko?"

Nilikuwa nimelala vizuri usiku mzima. Jua lilikuwa usoni kwangu. Akili yangu ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa kwa mwaka mzima, na aliyeisafisha ni yeye.

Nikasema, "Sikumbuki."

Akatikisa kichwa kidogo, akakurudisha kwangu, akaendelea kuokota. Hakuniuliza tena maisha yake yote.

Ndiyo maana siwezi kuzisingizia taa. Neno la hospitali nililisema nikiwa mtu aliyevurugika, na labda Mungu ataniangalia kwa jicho la huruma. Neno la shambani nililisema nikiwa mzima. Taa zilinichukulia usingizi na furaha, na kwa muda zikanichukulia akili. Uoga wangu ulikuwa wangu tangu zamani, na jua halikuuponya.

Nilirudi mjini, nikaacha kiwanda, nikaanza kukaanga samaki, kazi ya mchana ambayo mmekulia kwayo. Na wewe ukakua na hadithi ile. Sikuwahi kukusimulia mimi, lakini waliokusimulia sikuwakatiza. Darasa la sita ulipewa insha ya siku usiyoisahau, ukaandika jinsi shangazi yako alivyokuacha na jiko akaenda zake. Uliniambia huikumbuki siku yenyewe, umeijaza kwa maneno ya watu. Mwalimu alikupa alama nzuri. Ulinisomea hapa ukumbini ukiwa umevaa ile sweta yako ya mikono mirefu, ya kufichia kovu, kwenye joto lote lile la Machi, na mimi nikakupigia makofi.

Basi unaposema taa za kule ni kama mchana, ndipo ninapoogopa. Ninaogopa ukingo wa lile shimo ulilonionyesha kwenye simu, na barabara inayozunguka kushuka. Ninaogopa saa tisa na saa kumi za usiku, ambazo taa inakuambia uko macho na mwili unakuambia hauko. Mimi nilikuwa na sufuria ya uji tu. Wewe utakuwa na gari kubwa kuliko nyumba yetu, na chini kuna watoto wa wenzangu.

Usingizi wa namna ile haubishi hodi. Kabla haujaja, macho yanawasha, unaanza kusahau mita chache ulizopita, unajiambia kidogo tu. Ukijisikia unasema kidogo tu, simamisha gari. Chukua redio yao useme kwa sauti, mimi nimechoka, siwezi. Watakucheka. Wacha wakucheke. Mimi hakuna aliyenicheka, na tazama yaliyotokea.

Zamu ikiisha, jifunike macho njiani, vaa miwani ya giza hata wakikuona unajidai, na chumba kiwe na giza ulale haraka. Simu iweke mbali. Wiki za mchana na siku za mapumziko zikija, usizimalize kitandani pazia limefungwa, nenda ukaipokee asubuhi nje. Na siku ukiona kila kitu kimekosa chumvi, kabla hujajiita mbaya, au mvivu, au mtu aliyelaaniwa, jiulize umekosa asubuhi ngapi. Kisha mwambie mtu. Nipigie mimi. Nikikosa kupokea, mpigie shangazi yako, maana yeye anajua la kufanya kuliko mimi.

Lakini utampigiaje mtu unayemchukia kwa kosa langu?

Jumapili nilikuambia nakwenda Nanyamba kufuata ming'oko ya safari yako, vile viazi vya porini. Ming'oko nililetewa na jirani. Nilikwenda kwa Somoe. Nilimkuta uani anamenya muhogo wa kukausha makopa, ana ndoo mbili, moja imeshajaa. Amezeeka mapema kidogo. Nilikaa nikachukua kisu nikamsaidia, na nikamwambia yote, kigoda, mwiko, hospitali, na ile asubuhi ya shambani. Nililia nikimenya. Yeye hakuacha kumenya.

Nilipomaliza akaniambia nisilie. Akauliza, "Mtoto anajua?"

Nikasema bado.

"Basi umekuja kwa mtu siye," akasema. "Mimi nimejua tangu siku ile, nilikuwepo. Asiyejua ni yeye. Kwenye msiba wa kaka nilimpa mkono, akauficha wake chini ya khanga."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema amekataa. Alisema hakuwa anafikiri sana kuhusu mimi, alikuwa anafikiri kuhusu cherehani. Kwamba mpaka leo akiona koti limekaa vibaya mabegani mwa mtu, mikono inamwasha. Kisha akasema gari la mwisho la mjini linapita, nisichelewe, akarudi kwenye ndoo yake. Hakunisindikiza.

Tangu Jumapili nimekuwa na siku tatu za kukuambia, na kila asubuhi nimejiambia jioni, na kila jioni nimejiambia asubuhi. Kesho basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu. Nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, kwenye lile taulo jipya, uikute ukiwa umeshafika na mimi niko mbali. Nimeandika karibu yote nikiwa na mpango huo. Sasa hivi tu nimeuona ulivyo. Ningekuwa nakutupia mzigo na kukimbia, na wewe ungeubeba mwenyewe kwenye zamu yako ya kwanza ya usiku.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Ukirudi nitakupa mkononi, na nitakaa hapa hapa mlangoni mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kuahirisha safari kwa siku moja ili uende Nanyamba, nitakwenda nawe kituoni kubadili tiketi, na kule utaingia peke yako, mimi sitakufuata. Ukitaka kwenda zako kesho bila kuniaga, nitakusikia ukifunga mlango na sitakuita.

Kisomo kimeanza msikitini, na mwanga umebaki wa kuonea mistari michache. Naona unakuja kwenye kona ya duka, unacheka na mtu kwenye simu, na sweta umeivua umeifunga kiunoni kwa sababu ya joto. Naharakisha, utaona kwenye mwandiko. Niulize chochote unachotaka. Nitajibu, na nitakutazama machoni nikijibu.

Mama yako